UZI: "Corazón partío" ya Alejandro Sanz inasema nini hasa? Tuichambue bila kubahatisha

#1 Nahau_Mbichi

Wakuu, wimbo huu unaulizwa sana na jibu linalozunguka ni lile la tafsiri ya mashine: "moyo umeondoka". Hakuna moyo ulioondoka. Nianze hapohapo kwenye jina, maana ndipo wengi wanapopotea kabla hata gita halijaanza.

*Partió*, mkazo ukiwa mwishoni, ni kitenzi: ameondoka. *Partío*, mkazo ukiwa kwenye i, ni *partido* iliyodondosha d, yaani kilichopasuliwa. Kusini mwa Hispania, Andalusia, d ya mwisho iliyobanwa na irabu mbili hulegea mpaka ikapotea, hasa kwenye maneno ya *-ado* na *-ido*. Sanz mwenyewe kazaliwa Madrid mwaka 1968, ila wazazi wake wametoka jimbo la Cádiz, hukohuko kusini. Mtu akiandika jina la wimbo na kusogeza alama ya mkazo herufi moja mbele, mashine inatafsiri kilichoandikwa, na haina kosa.

Halafu d ile haikuachwa kwa ajili ya lafudhi peke yake. Kibwagizo kizima kimesimama juu ya kina cha *-ío*: *frío* (baridi), *mío* (wangu), *partío*, na kabla tu ya kibwagizo kuna *herío*, ambayo kamusini utaikuta kama *herido*, aliyejeruhiwa. Rudisha d kwenye *partido* uone kama itasimama na *frío*. Vina vinabomoka.

Wimbo umo kwenye albamu *Más* ya mwaka 1997, iliyouzwa kwa mamilioni na ikawa mojawapo ya albamu kubwa kabisa kuwahi kutoka Hispania. Maneno na muziki ni vya Sanz mwenyewe. Gita la flamenko, muziki wa jadi wa Andalusia, ni la Vicente Amigo, na anayejua gita la Córdoba, mji wa hukohuko kusini, atalitambua mapema tu.

Sasa maana. Anayeimba anaachwa na mwanamke. Hadi hapo ni kisa cha nyimbo elfu. Kinachoutofautisha wimbo huu ni kwamba beti zake zimejengwa kwa methali za Kihispania zilizoanzishwa vizuri, kisha zikavunjwa katikati. Usipozijua methali unasikia mtu analalamika. Ukizijua, unasikia mtu anayejaribu kujifariji kwa maneno ya wazee na kila neno linamkatikia mdomoni.

Ya kwanza: hakuna mbili bila tatu. Mhispania huitumia jambo likishatokea mara mbili, kwamba la tatu lipo njiani. Hii imeachwa nzima, inafungua ubeti.

Ya pili, asili yake ni "macho yasiyoona, moyo usiohisi". Sanz kaondoa macho akaweka moyo: moyo usioona ni moyo usiohisi... *o corazón que te miente*, au ni moyo unaokudanganya. Yaani huyu bwana anakwambia methali mnayoitegemea inaweza kuwa uongo mtupu, moyo unahisi ila unajifanya hauhisi.

Ya tatu ni ndugu kabisa wa "baada ya dhiki faraja". Wao husema baada ya dhoruba huja utulivu. Anaitoa nzima, msikilizaji anatulia, kisha anaipindua: lakini najua baada yako hakuna kitu. Kwangu huu ndio mstari mzito kuliko yote, kupita hata kibwagizo.

Kwa anayetaka kuchambua mwenyewe: chukua maneno ya Kihispania, siyo tafsiri. Pigia mstari kila neno lenye d iliyopotea au lililokatwa (*partío*, *herío*, *pa'* badala ya *para*). Yarudishe yawe kamili kwenye karatasi ya pembeni, ndipo ufungue kamusi. Kisha tenga sentensi za swali na zisizo za swali. Utaona kibwagizo karibu chote ni *quién*, nani, nani, nani. Jibu halipo hata moja.

Karibuni.

---

#2 Kambi_Tayari

Nimeshatandika mkeka. Endeleeni.

---

#3 Hoja_Kavu

Mleta uzi umeeleza vizuri, ila mimi napinga kitu kimoja ambacho watu hurudiarudia kwamba huu ni wimbo wa majuto. Majuto ya nani? Mwenye kujuta ni aliyekosea. Huyu hajakosea popote kwenye wimbo, ameachwa tu, na anatoa lawama. Mkitaka majuto ya kiume kutoka kwa Sanz huyuhuyu nendeni "La Tortura" ya mwaka 2005 aliyoimba na Shakira. Kule mwanamume ndiye mkosaji, anabembeleza, na mwanamke anamkatalia. Hiyo ndiyo toba. Hapa ni mshtaki amesimama kizimbani upande wa pili.

---

#4 Nahau_Mbichi

@Hoja_Kavu nakubali lawama ni nyingi, lakini majuto yamo na yako mahali pawili.

Pa kwanza ni pale anaposema ndani kabisa ya roho bado kuna maumivu *por creer en ti*, kwa kukuamini. Hajalaumu kuachwa hapo, anajilaumu kwa kuamini. Pa pili ni swali linaloingia kabla ya kibwagizo: ulinitibu kwa nini nilipokuwa nimejeruhiwa, ikiwa leo unaniacha vilevile? Angalia *para qué*. Kihispania kina *por qué*, kinachouliza sababu iliyokusukuma, na *para qué*, kinachouliza ilikuwa kwa faida gani. Yeye hamuulizi sababu. Anauliza kulikuwa na haja gani ya kuponywa.

Kwa hiyo kuna jeraha mbili kwenye wimbo. La zamani, ambalo mwanamke huyu alimkuta nalo akaliuguza, na la leo. Neno *de nuevo* (tena, upya) ndilo linaloziunganisha, na tafsiri nyingi mitandaoni huliruka. Ukiliruka unapata mtu aliyeumizwa mara moja. Ukiliweka unapata mtu anayejutia kupona. Nami kwa hilo nimeelewa kwa nini ameanza na ile methali ya mbili na tatu: amekwisha kupasuka mara mbili, anaisubiri ya tatu.

---

#5 Mpemba_wa_Sarufi

Hapo kwenye mbili na tatu kuna wanaosema ni mtu wa tatu, yaani mchepuko. Sioni ushahidi mwingine ndani ya maneno. Hakuna mwanamume mwingine anayetajwa wala kudokezwa mpaka mwisho. Methali yenyewe inajitosheleza, ila sitamnyima mtu kuisikia hivyo, maana nyimbo za namna hii hupenda kuacha mlango wazi.

Langu ni wakati wa vitenzi. Watu wanasema ameshaachwa. Sarufi haisemi hivyo. Tazameni:

*hoy me dejas*: leo unaniacha. Wakati uliopo.
*si tú te vas*: ukiondoka. Sharti, bado halijatimia.
*dime*: niambie. Amri kwa mtu anayesikia.
*miénteme*: nidanganye. Amri vilevile.

Mwanamke bado yumo chumbani, labda keshashika kitasa. Kila swali la *quién* linaelekezwa kwake usoni, haulizwi ukuta. Ndiyo maana ombi la kudanganywa lina maana: nidanganye basi, hata kama si kweli, sema kuna kitu kimebaki kati yetu. Huwezi kumwomba aliyekwisha kwenda akudanganye.

Kwenye kibwagizo kuna tofauti nyingine ndogo. Baadhi ya maswali yametumia *va a* + kitenzi (*me va a curar*), mengine wakati ujao wa neno moja (*tapará*, *llenará*, *bajará*). Ile ya kwanza ndiyo ya mazungumzo ya kila siku, na ya pili imekaa kishairi zaidi. Ukitafsiri zote kwa "ata-" si kosa, Kiswahili hakina namna mbili hapo, lakini jua kwamba yale ya *-rá* ndiyo yenye picha: kunifunika usiku kukiwa na baridi, kuujaza mwezi huu wa Januari kwa machipuko, kuushusha mwezi wa angani ili wacheze nao.

---

#6 Kambi_Tayari

Mkuu hapo kwenye mwezi wa Januari nilidhani ni Januari ile ya ada za shule 😂

---

#7 Mpemba_wa_Sarufi

😂 Ndiyo mtego wenyewe. *Enero* ni Januari, na kwa msikilizaji wa Dar au Mombasa Januari ni jua la kuchoma. Madrid ni katikati ya majira ya baridi, usiku digrii mbili au tatu tu juu ya sifuri kwa kawaida. Kwa hiyo *primaveras* (majira ya machipuko, kwa wingi) zinazoombwa ndani ya *enero* ni ombi la kitu kisichowezekana, sawa na kuushusha mwezi. Ukitafsiri "nani ataijaza Januari hii machipuko" msomaji wetu habaki na chochote. Ningeandika "nani atakijaza kipupwe hiki maua". Kipupwe chetu si baridi kama ya kwao, ila angalau mwelekeo wa hisia ni uleule.

Na baridi imeanza mapema zaidi. Mstari wa mwanzo kabisa unaomba *tiritas* kwa ajili ya moyo huu. *Tirita* ni plasta ya kidonda, ilikuwa jina la bidhaa huko Hispania likageuka jina la kitu chenyewe. Papo hapo neno linarudi limevunjwavunjwa, *tiri-ti-tando*, kutoka *tiritar*, kutetemeka kwa baridi. Plasta na mtetemeko vimetoka kwenye sauti moja. Msikilizaji wa Meksiko au Argentina anaweza kuikosa, kwani kule plasta wanaiita *curita*.

---

#8 Kiganja_Nyuzi

Naingia upande wa gita kwa sababu maana ya wimbo huu iko mkononi vilevile. Maneno yanalia, mdundo unacheza. Ni rumba ya flamenko, na ndiyo sababu watu wanainuka.

Wabongo na Wakongo tahadhari: rumba hii na rumba ya Kinshasa ni binamu, hazikuzaana. Bibi yao ni Kuba. Kwetu ilikuja kwa santuri za mfululizo wa GV zilizoanza kutolewa mwaka 1933, wanamuziki wa Léopoldville na Brazzaville wakaigeuza ikawa yao. Hispania ilirudi kwa meli za kutoka Karibi, na mafundi wa flamenko wanaiweka kwenye kundi la "nyimbo za kwenda na kurudi". UNESCO iliandikisha flamenko mwaka 2010, na rumba ya Kongo mwaka 2021.

Udugu unaupata kwa kuhesabu. Gawa bari moja mara nane, uhesabu 1-2-3, 1-2-3, 1-2. Kila "1" ni mkazo. Hiyo 3+3+2 ndiyo mkono wa kulia wa rumba ya flamenko, na ndiyo hiyohiyo ule upande wa mapigo matatu kwenye klave ya Kuba (mdundo wa vijiti unaoongoza wimbo) inayosikika ndani ya rumba ya zamani ya Kongo.

Namna ya kuanza: shika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) yoyote nyepesi, A minor inatosha. Mkazo wa kwanza ni kiganja kinachoangukia nyuzi na kuzifunga, zinatoa "tak" isiyo na noti. Baada yake vidole vinafunguka kushuka, dole gumba linapandisha. Weka metronomu (kihesabu mapigo) kwenye 60 kwa dakika, usipande mpaka kiganja kiangukie palepale kila raundi. Wengi wanakosea kwa kukaza kifundo cha mkono. Kikikazwa mapigo yote nane yanalingana, rumba inakufa, unabaki na kupangusa nyuzi. Kosa jingine ni kupiga ubao kwa kucha kwenye gita la klasiki lisilo na ile plastiki ya kukinga. Gita za flamenko zinayo, za klasiki hazina, na vanishi inachubuka siku hiyohiyo. Nyuzi za chuma nazo ziepuke, kiganja hakizifungi vizuri na sauti inakuwa kali mno kwa kazi hii. Nailoni.

Kodi za wimbo wenyewe ni nyingi na zimepinda kijazi, hivyo anayeanza asikimbilie huko. Mkono wa kulia kwanza.

---

#9 Mizani_na_Vina

Na anayetaka kuuimba ajue tatizo letu Waswahili. Irabu tano za Kihispania ni zetu, hapo tuna bahati. Kinachotuangusha ni kwamba sisi tunatamka kila irabu kwa silabi yake, wao wanaziunganisha, hata zikiwa za maneno mawili tofauti.

Chukua swali kuu la kibwagizo, lile la nani atautibu moyo. Kwa Kihispania ni mizani 12:

quién / me / vaa / cu / ra / rel / co / ra / zón / par / tí / o

Mswahili ataimba *ki-en* mbili na *va-a* mbili, zinakuwa 14 na anaachwa na gita. Mstari wa kufunikwa usiku wa baridi nao ni 12 kwao, kwetu unafika 15, kwa sababu *tapará esta* inaungana (*ráes*) na *si hace* inaungana (*sia*, h haitamkwi kamwe). Sehemu ngumu kuliko zote ni *va a entregar*: irabu tatu, silabi moja.

Lakini msiunganishe *tí-o* na *frí-o*. Ile alama juu ya í ipo kuwaambia hizo ni silabi mbili. Ndicho kina chenyewe, kinavutwa.

Matamshi mengine kwa haraka: *j* ya *dejas* ni kama kh ya kheri, *ll* ya *llenará* ni y, *ñ* ni ny, *v* na *b* ni sauti moja laini. *z* ya *corazón* ni th ya thamani kwa Madrid, ni s kwa Amerika ya Kusini na sehemu kubwa ya Andalusia. Chagua moja ubaki nayo, usichanganye ndani ya ubeti.

---

#10 Hoja_Kavu

Nimekubali upande wa majuto ya kupona, @Nahau_Mbichi. Nina swali: ule mstari wa sadaka. Nimeona tafsiri "kutoa kinachobaki si kushiriki, ni kutoa sadaka". Kwetu sadaka ni jambo jema, sasa lawama iko wapi?

---

#11 Nahau_Mbichi

Umeuliza penyewe. Neno lao ni *limosna*, kile unachomdondoshea ombaomba mlangoni mwa kanisa. Neno "sadaka" kwetu limebeba thawabu na nia, kwa hiyo linamsafisha mwanamke badala ya kumshtaki. Kiini cha mstari ni *lo que te sobra*: kile kinachokuzidi, usichokihitaji. Amepewa masalia tu ya upendo wa huyo mwanamke. Ningeandika: "kunipa kilichokuzidi hakujawahi kuwa kugawana, ni kunirushia sarafu". Hapo ukali umerudi.

Na huo mstari, angalieni, hauombi chochote. Sehemu kubwa ya wimbo anauliza au anabembeleza. Hapa anatoa hukumu, na kumalizia kwamba kama hujui, mimi ndiye ninayekwambia. Kisha inakuja ile methali ya dhoruba na utulivu, anaipindua, nguvu inamwisha, anarudi kuuliza *para qué*. Mpangilio huo si wa bahati mbaya.

---

#12 Sauti_ya_Kike

Habari wakuu, uzi mzuri. Mwanamke akiuimba abadilishe nini? Nimesikia matoleo tofauti.

---

#13 Mpemba_wa_Sarufi

Salama dada. Sehemu ya lazima ni moja. Kwenye kibwagizo kuna *que nunca la abandone*, nisimwache kamwe, na *la* inaonyesha anayezungumziwa ni wa kike. Weka *lo*. Hispania watu wengi wangesema *le* kwa mwanamume, na Chuo cha Lugha cha kwao kinaikubali. Mizani haibadiliki kwa yoyote.

*Partío* usiiguse. Inafuata *corazón*, ambayo ni ya kiume kisarufi hata ikiwa kifuani mwa mwanamke.

Kazi iko kwenye *herío*, kwa sababu hiyo inamwelezea anayeimba. Kisarufi ungetakiwa kusema *herida*, au kwa lafudhi ileile *hería*, na hapo kina cha *-ío* kinaanguka palepale kinapotakiwa kukamatana na *partío*. Una njia mbili: uache *herío* ilivyo na kuimba kama unasimulia maneno ya mwanamume, na katika hali hiyo hata *la* iache, usibadilishe nusu, au ubadilishe *la* tu, na *herío* uielekeze kwenye moyo, kwa kutia *lo* mahali pa *me* mbele ya *curaste*: uliutibu kwa nini ulipokuwa umejeruhiwa. *Estaba* inabaki vilevile, mizani ileile, kina kimepona.

---

#14 Sauti_ya_Kike

Hiyo ya pili ndiyo nitaichukua. *Lo curaste*. Asante.